Majimaji kwa mtindo wa "itaendelea": shajara ya mradi wa Historia na Fasihi

27 Januari 2025: Tunaanza

Shajara hii ni kwa walimu wenzangu wa Kiswahili na Historia watakaotaka kujaribu jambo hili kwao. Nafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu, Songea. Mwenzangu wa Historia amekubali tushirikiane kwa mada moja tu, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Wanafunzi watavisoma vita hivyo kwa kuviandikia hadithi za mfululizo, zile ambazo kila sehemu inaishia kwenye "itaendelea".

Kilichotusukuma ni hiki. Wanafunzi wetu wanaweza kukutajia sababu za Majimaji hata usingizini: kodi, kazi za shuruti, kilimo cha pamba, ukatili wa maakida, wale wasimamizi waliowekwa na Wajerumani. Waulize huyo akida aliamka asubuhi kwenda kufanya nini, darasa zima linatazama dari. Watoto hao hao, ambao vitabu teule wanavimeza kama kwinini, wanasoma hadithi za kwenye simu mpaka usiku wa manane, na Jumatatu wanasimuliana kilichotokea. Fasihi inaiita jamii hiyo riwaya pendwa na mtihani unawataka waitofautishe na riwaya dhati, ile nzito. Ukoo wake hawaujui. Walishangaa kusikia kwamba Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alikuwa akipeleleza vitabuni tangu 1960, na kwamba wazazi wao walipokezana vituko vya wapelelezi wa riwaya Willy Gamba na Joram Kiango kama wao wanavyotumiana sehemu ya kumi na tano leo.

Mkondo una wanafunzi 54, kwa hiyo makundi 9 ya watu sita sita. Kaunta buku 9 za kwaya tatu, Sh 36,000. Rimu moja, Sh 13,000. Makapeni na gundi, Sh 8,500. Shule imetoa nusu, nusu nyingine tumechanga sisi wawili.

Vipindi viwili vya kwanza tulivitumia kufungua injini ya hadithi yenyewe: taharuki, mhusika mwenye siri, dokezo la kupotosha, sura fupi inayokatika pabaya. Hapo hapakuwa na shida. Wanaijua kazi hiyo kuliko mimi.

17 Februari: Sura za kwanza

Sura tisa zimerudi na zinasomeka. Moja nimeisomea jikoni nikasahau maharage motoni. Lakini historia imepata ajali mbaya.

Katika kundi moja akida anahongwa "shilingi elfu tano". Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja na Waingereza mwaka 1921. Mwaka 1905 watu walihesabu rupia, pesa na heller. Kundi lingine Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa ya vita, anaongoza mapigano Songea mwaka 1906, wakati Wajerumani walikwishamnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na wiki mbili hivi tangu watu wa Nandete, Umatumbi, wang'oe pamba. Kundi la tatu shujaa wao anavamia boma la Wajerumani peke yake na bastola mbili, anaua askari wote, kisha anapanda lori. Wajerumani wote wanaitwa Hans.

Jambo la bastola mbili nilitaka kulicheka nikajizuia, kwa sababu ndivyo aina hii ya hadithi inavyofanya kazi. Mtu mmoja anashinda wengi. Ukimpa kijana injini hiyo bila usukani, itampeleka inakotaka yenyewe.

24 Februari: Dawa ya kwanza imeshindwa

Mwenzangu wa Historia aliandaa karatasi ya makosa: safu moja kosa, safu ya pili ukweli. Tukatoa kopi 54 kwa Sh 100 kila moja, Sh 5,400. Tukawaambia waandike upya.

Walichoandika sasa hakina kosa hata moja na hakisomeki. Nanukuu kutoka kaunta buku la kundi la tano, kwa ruhusa yao:

"Babu, je, waweza kunieleza sababu za vita hivi?" "Naam, mjukuu wangu. Sababu ya kwanza ni kodi. Sababu ya pili ni kazi za shuruti." "Asante babu. Na je, matokeo yake yatakuwa nini?"

Babu anajua matokeo ya vita ambavyo havijaanza. Karatasi yetu ya makosa iliwafundisha kwamba hatari iko kwenye kusimulia, kwa hiyo wakakimbilia kwenye nukuu za daftari na kuzivalisha alama za mtajo. Atakayeiga mradi huu aruke hatua hii moja kwa moja na akiba ya Sh 5,400 akanunulie chaki.

3 Machi: Kurasa mbili, na pamba isiyokuwepo

Dawa ya pili ndiyo tunayoendelea nayo. Kaunta buku likifunguliwa, ukurasa wa kulia ni wa hadithi na wa kushoto ni wa ushahidi. Kila kitu kinachobeba tukio upande wa kulia (fedha, silaha, tarehe, njia, cheo cha mtu) kinapewa herufi upande wa kushoto. K ni kweli iliyothibitika, na utaje umeipata wapi. Y ni yamkini: hatuna uthibitisho kwamba ilitokea, lakini ingeweza kutokea. B ni buni. Hakuna kikomo cha B. Kinachokatazwa ni B inayogongana na K.

Sharti la pili ni kwamba hadithi zote ziwe za upelelezi. Mpelelezi hawezi kusonga mbele bila ushahidi, na mwandishi wake naye hawezi.

Faida ya sharti hilo ilionekana kabla wiki haijaisha. Kundi la tatu, ambao hadithi yao inatokea hapa hapa Ungoni, walikwama. Mhusika wao, binti aitwaye Zeda, anatafuta aliyemchukua kaka yake. Walitaka kaka awe amekamatwa kwa kung'oa pamba. Msichana mmoja akanyanyua mkono: "Mwalimu, hiyo pamba hapa kwetu ilikuwa wapi?"

Mashamba ya pamba ya lazima chini ya maakida na majumbe yalikuwa Pwani na bara yake ya karibu, Uzaramo mpaka Kilwa na Umatumbi. Wangoni walikuwa na kero zao. Kodi ilikuwepo. Manduna, machifu wadogo wa Kingoni, walikuwa wamepokonywa nguvu. Na mmisionari wa Peramiho alikuwa amechoma kibanda cha mahoka cha chifu wao, Nkosi Mputa, mahali pa kutambikia wazee waliotangulia. Kitabu cha kiada kinaorodhesha sababu zote kana kwamba kila mtu kutoka Rufiji mpaka Ruvuma aliamka na hasira ile ile. Miaka yote nimesikia orodha hiyo ikikaririwa na hakuna aliyewahi kuuliza swali la yule msichana, kwa sababu orodha haidai sababu ya mtu mmoja. Hadithi inadai: kwa nini yeye, kwa nini hapa, na alijua nini siku hiyo?

Kaka yake Zeda sasa amekamatwa kwa kutolipa kodi. Herufi K.

Ziara: tarehe 27 Februari tuliwapeleka Makumbusho ya Majimaji, siku ya kumbukizi ya viongozi walionyongwa tarehe hiyo mwaka 1906. Kukodi Coaster kwenda na kurudi Sh 120,000, wazazi walichangia. Siku hiyo usiende kufundisha. Ngoma, wageni wa serikali na vipaza sauti, mwongozaji hasikiki. Wanafunzi waliona kaburi la pamoja na sanamu za viongozi, wakanakili majina, basi. Ukitaka maswali na majibu nenda siku nyingine yoyote.

24 Machi: Herufi ya nne

Kundi la saba wanaandika juu ya mpelelezi wa akida anayetumwa Ngarambe kuchunguza habari za mganga. Wakafika kwenye tukio maarufu: Kinjikitile alichukuliwa na pepo, akaingia kwenye bwawa, akakaa chini ya maji, kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Wakaja mezani kwangu wakibishana. Je, hiyo ni K, Y au B?

Mmoja akasema B, maana mtu hawezi kukaa majini usiku kucha. Mwingine akasema K, maana imo kitabuni. Tulichelewa chakula cha mchana.

Tumeongeza herufi S, simulizi. Tukio lenyewe halithibitiki. Kinachothibitika ni kwamba watu walilisimulia na wakatenda kwa kuliamini. Hapa mwenzangu alieleza mradi wa utafiti wa 1968, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitawanyika vijijini kuhoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita kwa macho yao. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu ile dawa, maji yaliyochanganywa na mtama na mbono, inatokana na vinywa hivyo. Kwa hiyo S si daraja la chini kuliko K. Ni aina nyingine ya ushahidi.

Kutoka simulizi hizo hizo wakapata kitu ambacho hakuna mtunzi wa riwaya pendwa angekiacha: njwiywila, ule mnong'ono wa siri wa Wamatumbi uliopita ukoo kwa ukoo kutangaza dawa, na aliyetaka kuusikiliza alilipa pesa moja. Kundi la saba wameandika hivi:

"Salehe alitia mkono kibindoni. Alikuwa na pesa moja tu, ya chumvi. Mzee alinyoosha kiganja bila kumtazama. 'Ukisikia,' alisema, 'hutaweza tena kusema hukusikia.' Salehe aliiangalia ile pesa. Itaendelea."

Upande wa kushoto: pesa moja, S. Chumvi, Y. Salehe, B. Nimewapa alama zote.

Sura hiyo ilizua pia mjadala mzuri wa fasihi. Mwanafunzi aliuliza kama mtunzi mkubwa anaruhusiwa kubadilisha mtu aliyekuwepo kweli. Tukawaonyesha kwamba Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa tamthilia yake ya 1969, anatenga wazi Kinjeketile wake wa jukwaani na yule wa historia. Hata tahajia ya jina inatofautiana. Ndiyo ruhusa yenyewe: badilisha, ila ujue unabadilisha.

14 Aprili: Padri, askari na mzazi

Mfululizo wa matatizo ambayo hatukuyapangia bajeti.

Riwaya pendwa inapenda mwovu mweusi ti na shujaa mweupe pe. Askari katika kaunta buku zote tisa walikuwa mazimwi. Mwenzangu akawauliza askari hao walitoka wapi. Wengi walikuwa Waafrika: Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Je, hawakuwa na wake, madeni, hofu? Tukatoa zoezi: andika upya sura moja kwa macho ya mke wa askari. Makundi mawili yalitoa kitu cha kupendeza. Mengine yalimgeuza mke kuwa jasusi, na siwezi kuwalaumu, mimi mwenyewe ningefanya hivyo.

Peramiho ikawa ngumu zaidi. Misheni ile, iliyoanzishwa na Wabenedikti mwaka 1898, ilichomwa Septemba 1905, na Padri Franziskus Leuthner akauawa. Nusu ya darasa familia zao ni waumini wa huko, wengine walizaliwa katika hospitali yake. Kundi la pili walikataa kabisa kuandika sura hiyo. Hatukuwalazimisha. Waliruka kutoka Agosti hadi Oktoba, na ukurasa wa kushoto wakaandika: "Tumeamua tusiandike." Tumejadiliana ofisini kama hilo lipewe alama. Mwenzangu alisema ndiyo, kwa sababu wanahistoria nao huruka mambo na mara nyingi hawasemi.

Kisha mzazi mmoja akafika kwa mkuu wa shule kulalamika kwamba watoto wanafundishwa uganga. Alikuta binti yake akiandika jinsi ya kuchanganya dawa. Mkuu alituita, tukampa mzazi kaunta buku asome mwenyewe pale pale. Alisoma sura mbili, akauliza Salehe alilipa au hakulipa ile pesa. Msimamo wake kuhusu dawa hakuubadilisha, na tumekubaliana kwamba mchanganyiko utatajwa bila kuelezwa namna ya kuutengeneza.

2 Juni: Kuchapisha

Tulibandika sura ubaoni nje ya maktaba kila Ijumaa. Wiki ya kwanza foleni. Wiki ya pili karatasi zilichanwa. Kidato cha Pili walizibeba bwenini. Tukazifunika kwa nailoni, zikabebwa na nailoni yake. Suluhisho lilikuwa la bei ndogo: kila sura sasa inatoka nakala mbili, moja ya ubaoni na moja imetobolewa na kufungwa kwa kamba kwenye meza ya mkutubi. Wizi haukuisha, ila sura haipotei tena.

Kuchapa stesheneri mjini ni Sh 500 kwa ukurasa, na kwa sura zote ingetumaliza. Tumeacha. Wenye mwandiko mzuri wananakili kwa mkono, na ubao unapendeza zaidi hivyo.

Jambo moja la kuiga: chini ya kila sura tuliacha nafasi ya wasomaji kuandika makosa ya kihistoria waliyoyaona. Kidato cha Nne walijitokeza kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Mmoja wao ndiye aliyegundua kwamba kundi la kwanza walimnyonga Chabruma, kiongozi wa Wangoni, pamoja na wenzake, wakati yeye alivuka Ruvuma na kuingia eneo la Wareno.

21 Julai: Baada ya mtihani wa muhula

Tatizo tulilolijua tangu mwanzo limefika mlangoni. Hadithi ni za Kiswahili na mtihani wa Historia ni wa Kiingereza. Wanafunzi waliokuwa na Majimaji nzima kichwani walikaa mbele ya karatasi wakitafuta maneno. Mwenzangu anasema majibu yana kitu ambacho hakuwahi kukiona: tarehe zinafuatana, watu wana majina, na wengi walitenganisha sababu za Umatumbi na za Ungoni. Lakini ni marefu, na wengine hawakumaliza swali la mwisho kwa sababu ya kusimulia.

Tunajaribu daraja: kila sura ikikamilika, kundi linaandika aya moja ya Kiingereza yenye hoja tatu tu, kutoka ukurasa wa kushoto peke yake. Aya ya kwanza ilichukua kipindi kizima. Sasa wanaelekea nusu kipindi. Kwa shule zilizokwishaanza somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, hatua hii haina haja, na nawaonea wivu.

25 Agosti: Miisho

Tulidhani kazi imekwisha. Ikabaki sura ya mwisho, na makundi yote tisa yakakwama pamoja.

Hadithi ya upelelezi lazima imalizike mwovu akakamatwa. Majimaji haikuisha hivyo. Viongozi walinyongwa. Mkomanile, kiongozi wa kike wa eneo la Kitanda anayekumbukwa Ungoni kwa kumpokea Omari Kinjala aliyeleta maji ya dawa, yumo kwenye orodha ya walionyongwa. Kisha jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Makundi manne yalileta miisho ambayo Wangoni wanashinda. Kundi moja lilimwua kila mtu katika aya mbili, likaandika "mwisho".

Hapa karatasi ya makosa isingesaidia, wala herufi. Kilichosaidia kilitoka kwa kundi la tatu. Walirudi kwenye swali lao la sura ya kwanza: nani alimchukua kaka yake Zeda? Hilo ni swali dogo na linajibika hata kama vita vimeshindwa. Wakaandika sura inayotokea 1907, njaa imetanda. Zeda anakutana na karani wa zamani wa boma akichimba mizizi porini kama yeye. Karani anamwambia jina la aliyemchongea kaka yake, na anamwomba kiazi kama malipo. Ni jina ambalo msomaji amelijua tangu sura ya pili bila kulitilia shaka. Zeda anamkatia nusu ya kiazi.

Mpangilio huo tuliwaeleza makundi mengine: fumbo liwe dogo kuliko vita. Vita vina mwisho wake ambao huwezi kuugusa, fumbo ni lako. Baada ya hapo sura sita zilikamilika ndani ya wiki moja. Mbili bado. Kundi la pili wameamua sura yao ya mwisho iwe ndiyo ile ya Peramiho waliyoiruka, isimuliwe na mtu anayezima moto.

Ningekuwa naanza upya, swali hili la fumbo dogo ningelitoa siku ya kwanza, pamoja na kurasa mbili na herufi nne.

Alama tulizokubaliana: ushahidi 40, hadithi 40, lugha 20. Tulijaribu kuipa lugha zaidi, ila waliogopa kuandika mazungumzo ya kawaida, na Wajerumani wakaanza kuongea Kiswahili sanifu kuliko mtangazaji wa redio.

Gharama mpaka leo, bila ziara: Sh 57,500 za mwanzo, Sh 5,400 za karatasi ya makosa, na Sh 16,000 za rimu ya pili, nailoni na kamba. Jumla Sh 78,900.

Mkondo B wanaanza Septemba. Wao wamechagua kuanzia njaa na kurudi nyuma kwa mbinu rejeshi, na tayari wameuliza kama wanaruhusiwa kumtumia Salehe wa kundi la saba. Wenye Salehe wanataka kwanza wajue atafanywa nini.